Kunakili na kuhamisha folda kwa terminali ya Linux bila kupoteza kazi: mwongozo kamili

"Fundi, kazi zangu zimepotea." Maneno haya nayasikia mara kwa mara hapa Kampala: kwa wachapaji wa Nasser Road waliohamia Linux, kwa walimu wanaotunza alama za wanafunzi, kwa vijana wanaojifunza kazi ya seva. Na mara nyingi nikitafuta, kazi naikuta. Imeingia folda moja ndani zaidi kuliko mwenyewe alivyotarajia, au faili zake fiche zimebaki nyuma, au umeme ulikatika katikati na hakuna anayejua kipi kilifika na kipi hakikufika.

Kosa linaloanzisha yote ni kuandika amri bila kutazama kwanza hali ya mahali folda inapokwenda. Amri za `cp` (ya kunakili) na `mv` (ya kuhamisha) hufanya jambo moja folda ya kupokea ikiwepo, na jambo jingine isipokuwepo, wala hazikuambii zimefanya lipi. Shika hilo. Shika na la pili: folda ikivuka kutoka diski moja kwenda nyingine, nakili, hakiki, ndipo ufute kwa mkono wako mwenyewe.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye Linux. Mifano hii ni ya Ubuntu, Debian na Linux Mint. Kwenye Fedora amri ni zile zile, ila flashi hukaa chini ya `/run/media` badala ya `/media`, na programu husakinishwa kwa `dnf` badala ya `apt`.
- Terminali. Kwenye Ubuntu na Mint bonyeza Ctrl+Alt+T.
- Programu ya `rsync`. Andika `rsync --version`. Isipokuwepo, `sudo apt install rsync`; neno `sudo` linaendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, na litakuuliza nenosiri. Ni ndogo, haitamaliza bando lako.
- Flashi au diski ya nje, kama kazi inatoka nje ya mashine.
- Umeme wa uhakika kwa muda wa kazi. Laptop ijazwe chaji kabla ya kuanza. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS kama ipo.
- Folda ya mazoezi. Usijifunzie kwenye kazi ya mteja.

Tengeneza folda ya mazoezi sasa hivi, tutaitumia hadi mwisho:

```
mkdir -p ~/mazoezi/kalenda/picha
cd ~/mazoezi
echo "Januari" > kalenda/mwezi.txt
echo "rangi ya bluu" > kalenda/.mipangilio
```

Faili ya `.mipangilio` inaanza na nukta, kwa hiyo ni faili fiche. Nimeiweka kwa makusudi.

## Hatua ya 1: Jua ulipo, na jua jina kamili

```
pwd
ls -lA
```

`pwd` inakuonyesha folda uliyosimama. `ls -lA` inaonyesha vyote vilivyomo, pamoja na faili fiche. Ukizoea `ls` tupu, siku zote utakuwa unaona nusu ya mambo.

Majina yenye nafasi ndiyo yanayowasumbua wengi. Folda ikiitwa `Kalenda 2026`, ukiandika `cp -a Kalenda 2026 nakala`, mashine itaelewa kwamba umetaja vitu viwili: `Kalenda` na `2026`. Zungushia jina alama za nukuu:

```
cp -a "Kalenda 2026" nakala
```

Njia bora zaidi ni kuandika herufi mbili tatu za mwanzo kisha ubonyeze kitufe cha Tab. Terminali itamalizia jina yenyewe na kuzishughulikia nafasi. Tab ikikataa kumalizia, mara nyingi folda hiyo haipo hapo ulipo, au herufi kubwa na ndogo hazikulingana: kwa Linux, `Picha` na `picha` ni folda mbili tofauti.

## Hatua ya 2: Pima mzigo, kisha pima nafasi

```
du -sh kalenda
df -hT /media/$USER/KAZI
```

Ya kwanza inakupa ukubwa wa folda. Ya pili inakuonyesha nafasi iliyobaki kwenye flashi, ambayo hapa nimeipa jina KAZI. Weka jina la yako; `$USER` iache kama ilivyo, terminali itaweka jina lako la mtumiaji. Utaona kitu kama hiki:

```
Filesystem  Type  Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/sdb1   vfat   15G  9.1G  5.9G  61% /media/...
```

Usitazame safu ya `Avail` peke yake. Tazama na `Type`. Ikisema `vfat`, flashi hiyo ni ya FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4 hata kama nafasi iliyobaki ni kubwa. Pia haihifadhi ruhusa za Linux, na inakataa majina yenye alama kama `:` na `?`. Tutarudi kwenye hayo katika hatua ya 6.

Amri ya `df` ikikuambia `No such file or directory`, flashi haijafunguka au jina si lile. Andika `lsblk` uone vifaa vyote na mahali vilipofunguliwa. Usisonge mbele kabla ya kulimaliza hili.

## Hatua ya 3: Nakili ndani ya diski ile ile

Ukijaribu kunakili folda kama unavyonakili faili, utakataliwa:

```
cp kalenda nakala
cp: -r not specified; omitting directory 'kalenda'
```

Wengi wanajibu kwa kuongeza `-r`, na inafanya kazi. Mimi nakushauri uzoee `-a`. Zote mbili zinaingia ndani ya folda na kuchukua vyote vilivyomo, lakini `-r` inazipa nakala tarehe ya leo, na ruhusa zinaweza kubadilika. `-a` inatunza tarehe za asili, ruhusa, na viungo (faili zinazoelekeza tu kwenye faili au folda nyingine) kama vilivyokuwa. Kwa mwalimu anayetaka kujua ni karatasi ipi ya alama iliyo ya mwisho, tarehe hizo ndizo kumbukumbu yake.

Sasa fika kwenye mtego wenyewe. Fanya hivi:

```
cp -a kalenda nakala
ls -A nakala
```

Folda ya `nakala` haikuwepo, kwa hiyo `cp` imeitengeneza, nayo imekuwa mfano kamili wa `kalenda`. Utaona `.mipangilio`, `mwezi.txt` na `picha`. Vizuri.

Rudia amri ile ile, bila kubadilisha herufi:

```
cp -a kalenda nakala
ls -A nakala
```

Safari hii ndani ya `nakala` kuna kitu kipya: folda ya `kalenda`. Kwa kuwa `nakala` sasa ipo, `cp` imeichukulia kama mahali pa kuweka vitu, na imeitumbukiza `kalenda` nzima ndani yake. Una nakala mbili za kazi moja, moja ndani ya nyingine.

Kwenye folda ya mazoezi haina madhara. Fikiria sasa mtu anayetunza nakala rudufu kila Ijumaa kwa amri hiyo hiyo. Wiki ya kwanza yote yako sawa. Wiki ya pili faili mpya zinaingia `nakala/kalenda`, na zile za juu zinabaki za zamani. Siku ya shida anafungua za juu, anakuta kazi ya wiki za nyuma, anaamini mpya zimepotea. Hazijapotea, ziko folda moja chini.

Kuna njia mbili za kuuepuka mtego huu, chagua kulingana na unachotaka.

Unataka vilivyomo viingie kwenye folda ya kupokea:

```
mkdir -p nakala
cp -a kalenda/. nakala/
```

`mkdir -p` inahakikisha folda ya kupokea ipo, na kama ilikuwepo haiigusi. Ule mkwaju wenye nukta, `/.`, maana yake "vyote vilivyo ndani ya kalenda, na fiche pia". Rudia amri hii kila Ijumaa na folda zitabaki katika mpango ule ule.

Unataka folda yenyewe, kwa jina lake, iingie ndani ya nyingine:

```
mkdir -p hifadhi
cp -a -t hifadhi kalenda
```

Kwa `-t` unataja kwanza mahali pa kupokea, na `cp` inakataa kazi kama folda hiyo haipo, badala ya kubuni yake. Ukikosea herufi ukaandika `hifdhi`, utapata kosa papo hapo, na hicho ndicho tunachotaka.

Tahadhari moja kabla ya kusonga: `cp` inafunika faili yenye jina lile lile bila kuuliza. Ukiwa na wasiwasi ongeza `-i`, itauliza kwa kila faili. Kama faili ni nyingi, tumia `--backup=numbered`; ya zamani itahifadhiwa kwa jina kama `mwezi.txt.~1~` na mpya itachukua nafasi yake.

## Hatua ya 4: Usiamini kinyota

Watu wengi huandika hivi:

```
cp -r kalenda/* nakala/
```

Kinyota hakichukui faili zinazoanza na nukta. `.mipangilio` inabaki nyuma, na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya.

Kwa mtu wa usanifu hasara yake huonekana baadaye. Mchapaji anahamia laptop mpya, anachukua vyote vya folda yake ya nyumbani kwa kinyota, anafungua kalenda ya mteja kwenye Inkscape, programu ya usanifu. Maandishi yamebadilika umbo, mistari imerefuka, majina ya miezi yametoka nje ya visanduku vyake. Faili ya kalenda ni nzima kabisa. Kilichobaki kwenye laptop ya zamani ni fonti alizokuwa amejiongezea, ambazo hukaa `~/.local/share/fonts` au, kwa mashine za siku nyingi, `~/.fonts`. Njia zote mbili zinaanza na nukta.

Wengine hujaribu kuziba pengo kwa `cp -r .* nakala/`. Usifanye hivyo. Kwenye Bash (programu inayosoma amri zako ndani ya terminali) za kabla ya toleo la 5.2, `.*` inagusa pia `..`, yaani folda iliyo juu yako, na utajikuta unanakili mambo usiyoyakusudia. `/.` ya hatua ya 3 inamaliza kazi bila hatari hiyo.

## Hatua ya 5: Hamisha ndani ya diski ile ile

Kwanza thibitisha kwamba kweli ni diski moja:

```
df kalenda hifadhi
```

Ukiona jina lile lile la kifaa kwenye mistari yote miwili, ni sehemu moja ya diski. Hapo `mv` haisogezi data hata kidogo; inabadilisha tu mahali jina linapokaa. Ndiyo maana folda ya GB 200 inahama kufumba na kufumbua.

```
mkdir -p nyaraka
mv -iv -t nyaraka kalenda
```

Mafanikio ni mstari unaoanza na `renamed`. `mv` haihitaji `-r`.

Kwa nini `-t` tena? Kwa sababu ukiandika `mv kalenda nyaraka` na `nyaraka` haipo, folda yako haihami, inabadilishwa jina. Hata ukimalizia kwa mkwaju, `nyaraka/`, ukiwa unahamisha folda haukukingi. `-t` inakukinga.

Na ukitaka kweli kubadilisha jina, hakikisha jina jipya halijatumika, kisha:

```
mv -T nyaraka nyaraka-za-zamani
```

`-T` inaizuia `mv` isiitumbukize folda ndani ya nyingine yenye jina hilo.

Jambo ambalo `mv` haliwezi ni kuunganisha folda mbili zenye jina moja. Kama ndani ya mahali pa kupokea tayari kuna `kalenda` yenye vitu, utaambiwa `Directory not empty`. Usilazimishe. Nakili kwa `cp -a kalenda/. nyaraka/kalenda/` au kwa `rsync`, hakiki, halafu ufute ya zamani.

## Hatua ya 6: Kwenda diski nyingine, tumia rsync

Hapa ndipo nawasihi watu waiache `mv`. Kutoka diski moja kwenda nyingine haiwezi kubadilisha jina tu. Inanakili kwanza, kisha inafuta ya asili. Umeme ukikatika katikati, au flashi ikichomoka, unabaki na nusu ya kazi upande wa pili na hujui nusu hiyo inaishia wapi. `rsync` ukiirudia inaendelea ilipoishia.

Kuna faida ya pili. Kwa `rsync`, kuwepo au kutokuwepo kwa folda ya kupokea hakubadilishi matokeo. Kinachoamua ni mkwaju mwishoni mwa folda inayotoka:

- `rsync -a kalenda hifadhi/` inatoa `hifadhi/kalenda`.
- `rsync -a kalenda/ hifadhi/` inamwaga vilivyomo moja kwa moja ndani ya `hifadhi`.

Mkwaju wa folda inayotoka, basi, uandike ukijua unachotaka. Tab ya terminali huuongeza yenyewe, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: umebonyeza Tab, mkwaju umekuja, hukuuona.

Kama ulifuata hatua ya 5 kwenye mazoezi, ingia kwanza kwa `cd` folda ilimo `kalenda`. Kisha anza na jaribio lisiloandika chochote:

```
rsync -avhn kalenda /media/$USER/KAZI/
```

Ile `n` inaifanya `rsync` itaje itakachofanya bila kukifanya. Soma orodha. Majina yakianza na `kalenda/`, utapata folda yenyewe. Yakianza moja kwa moja na `mwezi.txt`, vilivyomo vitamwagika peke yake. Ukiridhika, toa `n`:

```
rsync -avh --progress kalenda /media/$USER/KAZI/
```

Amri hii inafaa diski ya ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux. Kama hatua ya 2 ilikuonyesha `vfat` au `exfat`, tumia hii badala yake:

```
rsync -rtvh --modify-window=1 --progress kalenda /media/$USER/KAZI/
```

Sababu ni kwamba mifumo hiyo haina nafasi ya kutunza mwenye faili wala ruhusa. Ukitumia `-a` unaweza kumwagiwa makosa ya `Operation not permitted` ingawa data yenyewe imefika, na mtu asiyejua anadhani kazi imeharibika. `--modify-window=1` ni kwa sababu FAT32 hutunza saa kwa kuruka sekunde mbili mbili, na bila hiyo `rsync` ingeona faili nyingi zimebadilika na kuzinakili upya. Fahamu pia kwamba kwa amri hii viungo havinakiliwi. `Rsync` itavitaja kuwa imeviruka.

Ruhusa na viungo vikiwa na umuhimu, kwa mfano folda ya tovuti au ya programu, vifunge vyote kwenye faili moja:

```
tar -cf /media/$USER/KAZI/kalenda.tar kalenda
```

Upande wa pili unafungua kwa `tar -xf kalenda.tar`. Kikomo cha GB 4 bado kipo kama flashi ni FAT32.

Umeme ukikatika. Ukirudi, washa mashine, hakikisha flashi imefunguka, rudia amri ile ile ya `rsync`. Faili zilizokamilika zitarukwa. Ile iliyokuwa njiani itaanza upya. Unaweza kukuta faili fiche yenye jina geni, mfano `.video.mp4.Xa3b9K`. Ni mabaki ya ile iliyokatika. Ifute baada ya uhakiki, kabla yake iache.

Usiongeze sudo ili kulazimisha. Flashi ikiwa haijafunguka, `/media/$USER/KAZI` haipo. Ukiwa mtumiaji wa kawaida utakataliwa, na kukataliwa huko ni kinga. Ukiweka `sudo`, `rsync` itatengeneza folda ya kawaida yenye jina hilo kwenye diski ya mashine yako, itaijaza, na wewe utaondoka na flashi tupu.

Kuhusu `--delete`. Inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Inafaa kwa nakala rudufu, ila kamwe usiitumie bila kuanza na `-n`. Mkwaju mmoja uliowekwa pasipo mahali pake unatosha kufuta kazi za wateja wengine waliokuwa kwenye flashi hiyo.

Umefanikiwa ukiona mstari wa mwisho unaoanza na `total size is` na hakuna mstari wa `rsync error` chini yake.

## Hatua ya 7: Toa flashi kwa utaratibu

`rsync` ikimaliza, data inaweza kuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya mashine, ikisubiri kuandikwa. Ukichomoa hapo, faili za mwisho zinaharibika.

```
cd ~/mazoezi
sync
udisksctl unmount -b /dev/sdb1
```

Badala ya `/dev/sdb1` weka jina la kifaa ulilosoma kwenye `df`. `sync` inaweza kukaa kimya dakika kadhaa kwenye flashi ya polepole, iache. Ukiona neno `Unmounted`, chomoa.

Ukiambiwa `target is busy`, kuna dirisha au terminali iliyosimama ndani ya flashi. Ifunge, au utoke humo kwa `cd`, kisha ujaribu tena.

## Hatua ya 8: Hakiki, ndipo ufute

Rudisha flashi kwenye mashine. Nasisitiza kuchomoa na kurudisha, kwa sababu ukilinganisha mara tu baada ya kunakili, mashine inaweza kukusomea kutoka kwenye kumbukumbu yake na siyo kutoka kwenye flashi yenyewe. Kama ulifuata hatua ya 5 kwenye mazoezi, ingia kwanza folda ilimo `kalenda`.

```
diff -rq kalenda /media/$USER/KAZI/kalenda
```

Amri hii inasoma kila faili pande zote mbili, fiche na za wazi. Kimya ndiyo jibu jema. Ikikutajia `Only in kalenda`, kuna kitu hakikufika. Ikisema `differ`, faili ilifika ikiwa imeharibika.

Usitegemee `du` kwa kazi hii. Ukubwa wa folda unaweza kutofautiana kidogo kati ya diski mbili hata kama kila herufi iko sawa, kwa kuwa kila mfumo hugawa nafasi kwa vipande vyake. Kuhesabu faili kunasaidia kwa haraka, lakini hakuoni faili iliyoharibika ndani:

```
find kalenda -type f | wc -l
```

Uhakiki huu ndio unaofichua flashi bandia pia, zile zinazojitangaza kuwa na GB nyingi kuliko zilizonazo. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, halafu ukisoma unakuta uchafu. Flashi mpya uliyonunua barabarani ipime kabla ya kuipa kazi: `sudo apt install f3`, kisha `f3write /media/$USER/KAZI` na `f3read /media/$USER/KAZI`.

Sasa, na si kabla, unaweza kufuta ya asili.

```
gio trash kalenda
```

Hii inaipeleka kwenye pipa la taka, unaweza kuirudisha. `rm -rI kalenda` inafuta moja kwa moja baada ya kuuliza mara moja, na hapo hakuna kurudi. Kama ni kazi ya mteja na nafasi ipo, ibadilishe jina tu iwe `kalenda-ya-kufuta` na uiache hadi mteja achukue mzigo wake.

## Kutoka mashine moja hadi nyingine bila flashi

Kama mashine mbili ziko kwenye Wi-Fi moja ya ofisi au ya shule, `rsync` inapita humo, na haili bando kwa sababu data haitoki nje kwenda intaneti. Unahitaji `rsync` pande zote mbili, na kwenye mashine inayopokea:

```
sudo apt install openssh-server
hostname -I
```

Ya pili inakupa anwani ya mashine hiyo. Kwenye mashine inayotuma:

```
rsync -avhP kalenda mwalimu@192.168.1.20:kazi/
```

`mwalimu` ni jina la mtumiaji wa upande wa pili, na `kazi/` ni folda iliyo nyumbani kwake. Mara ya kwanza utaulizwa kama unaiamini mashine hiyo; hakikisha anwani ni yenyewe, andika `yes`. Nenosiri halionekani unapoliandika, hata nyota hazitokei. Andika tu na ubonyeze Enter. Kwenye mtandao ile `P` ina faida ya kweli: faili kubwa ikikatikia njiani, kipande kilichofika kinahifadhiwa na kutumika ukirudia.

## Ujumbe utakaokutana nao

`Permission denied`: folda si yako. Tazama mwenyewe kwa `ls -ld`. Kama ni ya mtumiaji mwingine wa mashine, mwombe akupe ruhusa kabla ya kufikiria `sudo`, maana nakala zitakazotokea hazitakuwa zako na kesho hutaweza kuzihariri.

`File too large`: umekutana na kikomo cha FAT32. Kata faili kwa `split -b 3G video.mp4 video.mp4.` na uiunge upande wa pili kwa `cat video.mp4.* > video.mp4`. La sivyo, tengeneza flashi upya kwa exFAT, ukijua kwamba kufanya hivyo kunafuta vyote vilivyomo.

`Invalid argument` kwenye flashi: jina la faili lina alama isiyokubalika, kama `Ankara 10:30.odt`. Badilisha nukta pacha kuwa kistari.

`Read-only file system`: flashi ina hitilafu, ilitolewa vibaya, au ina kitufe cha kufunga kilichosukumwa. Usiandike juu yake kwa nguvu. Nakili kwanza vilivyomo uvilete kwenye mashine.

`No space left on device`: rudi hatua ya 2. Kama `df -h` inaonyesha nafasi bado ipo, jaribu `df -i`. Diski ya ext4 inaweza kuishiwa nafasi za majina ya faili kabla ya kuishiwa GB, hasa ukinakili folda zenye maelfu ya faili ndogondogo. Zifunge kwa `tar` ziwe faili moja, kisha unakili hiyo.